Hesabu ya Kaboni Msituni na Haki ya Vijiji

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa jumuiya ndogondogo



Kila mkulima wa nchi hii anaijua mizani. Aliyelima pamba anajua jinsi jiwe la mizani linavyoweza kumla kilo mbili tatu kabla hajalipwa. Mwenye kahawa amewahi kuambiwa kwamba unyevu ni mwingi, akakatwa. Mwenye viazi au vitunguu amefungishwa lumbesa, gunia lililobebeshwa kichwa juu ya kichwa, akalipwa bei ya gunia moja. Katika hayo yote mkulima alikuwa na nafuu moja, nayo ni kwamba mali yenyewe aliiona kwa macho. Aliweza kuipapasa, kuinyanyua, na akikasirika sana aliweza kuirudisha nyumbani bila kuiuza.

Mali tunayoizungumzia leo hainyanyuliki wala hairudishwi nyumbani. Ni kaboni iliyofungwa ndani ya miti ya misitu yetu. Mnunuzi wake yuko Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba, na hatakuja kamwe kuichukua. Anachonunua ni karatasi inayosema kwamba tani kadhaa za hewa ya ukaa, ambazo zingalipanda angani kama msitu ungalifyekwa, zimebaki hapa chini. Basi, katika biashara ya namna hii, anayeshika hesabu ndiye anayeshika mali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari; hapa daftari limekuwa karibu ndilo mali yenyewe. Ndiyo maana tume yetu, ambayo kazi yake ya kila siku ni mashauri ya ardhi, mirathi na mahabusu, imeona haina budi kujifunza jinsi mti unavyopimwa, na kuwafundisha wengine kadiri ilivyoelewa.

Tuanze na mti wenyewe. Mti hula hewa ya ukaa kwa njia ya majani, huitengua, na ile kaboni huijengea shina, matawi na mizizi. Ukiukausha mti kabisa hata usibaki na tone la maji, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni. Wataalamu hutumia kipimo cha sehemu 47 katika 100. Mti ukichomwa au ukioza, kaboni hiyo hushikana tena na hewa ya kuungulia na kurudi angani ikiwa hewa ya ukaa. Kwa kuwa hewa hiyo imejumlisha kaboni na oksijeni, uzito wake ni mkubwa kuliko wa kaboni peke yake: kila kilo 12 za kaboni huzaa kilo 44 za hewa ya ukaa. Katika mikataba kinachouzwa ni tani za hewa ya ukaa, wala si tani za kaboni, na tofauti ya mambo hayo mawili ni zaidi ya mara tatu na nusu. Mtu akiwatajia tani bila kusema ni tani za nini, mwulizeni.

Lakini mti hauwezi kung'olewa ukawekwa kwenye mizani, maana ukiung'oa umekwisha kuua kile unachotaka kukihifadhi. Kwa hiyo watafiti walikata miti michache ya kila aina, wakaipima vipande vipande pamoja na mizizi yake, wakatafuta uhusiano kati ya unene wa shina na uzito wa mti mzima. Kazi hiyo imefanyika kwetu kwa upana, na mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo cha Morogoro kilitoa kitabu kizima cha kanuni za miti ya Tanzania: miombo, misitu ya milimani, mikoko, vichaka vya Itigi na mengineyo. Shukrani kwa kazi hiyo, leo mwanakijiji mwenye utepe anaweza kukadiria uzito wa mti uliosimama.

Jinsi inavyofanyika ni hivi. Msitu haupimwi wote. Huchaguliwa sehemu chache kwa utaratibu usiompendelea mtu, ziitwazo ploti. Katika upimaji mkubwa wa taifa ulioitwa NAFORMA, uliofanyika kuanzia mwaka 2009 hadi 2014 kwa msaada wa Finland na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ploti ilikuwa duara. Ndani ya mita 15 kutoka katikati ilipimwa miti minene, yenye kipenyo cha sentimeta 20 na zaidi. Ile myembamba zaidi ilipimwa katika vijiduara vidogo vya ndani. Duara la mita 15 lina eneo la mita za mraba 707, kwa hiyo ploti 14 hivi hujaza hekta moja. Kila mti hupimwa unene wake mahali pamoja: mita 1.3 kutoka ardhini, yaani kifuani pa mtu mzima. Aina yake huandikwa kwa jina la wenyeji na la kitaalamu, na vipimo hutiwa katika daftari.

Kazi ni rahisi kuisimulia, na wenye akili za harakaharaka huidharau. Hata hivyo haki yote ya biashara hii imelala hapo, kwenye utepe na kwenye kidole kinachouzuia. Chukueni mti wa miombo wenye kipenyo cha sentimeta 30. Uzito wake mkavu juu ya ardhi waweza kuwa kadiri ya kilo 470. Ukichukua sehemu 47 katika 100 unapata kilo 221 za kaboni, nazo ni sawa na kilo 810 za hewa ya ukaa. Sasa mpimaji mvivu asiinue mkono, apime chini kidogo mahali shina linapotanuka, aandike 33 badala ya 30. Mtadhani kosa ni moja katika kumi. La! Uzito haupandi sawasawa na unene. Hupanda kwa kasi zaidi, na sentimeta hizo tatu zitauongezea mti ule uzito wa zaidi ya robo. Kuna kosa baya kuliko hilo. Utepe wa kawaida wa fundi cherehani hupima mzingo wa shina, wala si kipenyo, na mzingo sharti ugawanywe kwa 3.14. Mti wetu wa sentimeta 30 una mzingo wa sentimeta 94. Mwandishi akisahau kugawanya, akajaza 94 kwenye safu ya kipenyo, hesabu itautia mti ule uzito wa mara 17. Mkaguzi akiyagundua makosa kama hayo, hataangalia ni ya bahati mbaya au ya makusudi. Atatupa daftari lote, na kijiji kitakosa malipo ya msimu mzima.

Makosa mengine hukipunja kijiji pasipo mtu kukusudia. Duara la ploti hupimwa kwa ramani, kana kwamba ardhi ni tambarare. Kwenye mlima wenye mteremko wa nyuzi 30, mpimaji akivuta kamba mita 15 juu ya ardhi kuelekea bondeni, kwenye ramani amekwenda mita 13 tu. Duara lake limebanwa, limepoteza sehemu 13 katika 100 za eneo, na miti iliyokuwa pembeni haikuhesabiwa. Watu wa Uluguru na Usambara, ambao misitu yao yote imening'inia kwenye magenge, wanapaswa kulijua jambo hili kuliko sisi sote.

Iko pia miti inayodanganya. Mbuyu ni mnene kupita miti yote, lakini mbao zake ni nyepesi na zimejaa maji. Ukiutia katika kanuni ya miombo utapata uzito wa kuchekesha. Mpingo ni kinyume chake, mwembamba na mzito kama chuma, hata ukitupwa majini huzama. Ndiyo sababu mpimaji asiyeijua miti kwa majina ni hasara. Na nani anayeijua miti kwa majina kushinda wazee wetu, wachonga mizinga na wachimba dawa?

Mpaka hapa tumezungumza juu ya shina na matawi. Wataalamu huhesabu maghala matano: sehemu ya mti iliyo juu ya ardhi, mizizi, miti iliyokufa, majani yaliyodondoka, na udongo. Katika misitu ya mikoko ghala kubwa kuliko yote ni lile tope jeusi linalonuka, ambalo limekusanya kaboni kwa karne nyingi. Huko bonde la Kongo, mwaka 2017 wanasayansi walitangaza kwamba chini ya misitu ya kinamasi ya nchi mbili za Kongo imelala mimea iliyooza nusu yenye kaboni inayokadiriwa kuwa tani bilioni 30. Watu waliishi juu ya hazina hiyo, wakavua samaki na kuwinda humo, na hakuna kitabu cha serikali kilichokuwa kimeiandika. Kisichopimwa hakionekani mezani pa wakubwa, na chaweza kuharibiwa bila mtu kuulizwa.

Sasa mtauliza: kwa nini tusumbuke na kamba na utepe, ilhali siku hizi setilaiti zinatupiga picha kila wiki? Ni kweli kwamba setilaiti ni msaada mkubwa. Zile za Marekani zinazoitwa Landsat zimekuwa zikipiga picha za dunia tangu mwaka 1972, na za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 zimeanza mwaka 2015. Kwa picha hizo yaweza kuonekana mwaka gani shamba jipya lilifunguliwa na wapi. Mwezi wa Aprili 2025 Shirika la Anga la Ulaya lilirusha setilaiti nyingine, jina lake Biomass, yenye rada inayopenya majani na kupokea mwangwi wa mashina na matawi makubwa. Lakini picha huonyesha eneo. Uzito wa mti hutoka kwenye utepe, na hata rada hizo mpya husahihishwa kwa ploti za ardhini. Isitoshe, miombo ina tabia yake. Wakati wa kiangazi hupukutisha majani, kisha moto wa nyasi hupita chini yake, hata mwezi wa Septemba msitu mzima huonekana kama jivu. Mvua haijanyesha bado na tayari majani mekundu yamechipua. Mtu aliyeketi mbali, akiitazama picha ya Septemba peke yake, anaweza kuandika kwamba wanakijiji wamefyeka msitu, na msitu uko palepale umesimama. Yafaa kijiji kiwe na daftari lake la kumjibu.

Hata hesabu za taifa hutofautiana kufuatana na njia iliyotumika. NAFORMA iliona kwamba Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, yaani zaidi ya nusu ya nchi kavu, na kwamba kati ya mwaka 1995 na 2010 zilipotea takriban hekta 373,000 kila mwaka. Hesabu iliyopelekwa baadaye Umoja wa Mataifa, ya kipindi cha 2002 hadi 2013, ilitaja takriban hekta 469,000 kwa mwaka. Tofauti ni karibu hekta laki moja kila mwaka. Hakuna aliyesema uongo. Miaka ni mingine, na njia za kupima ni nyingine. Walakini fedha hulipwa kwa kulinganisha na tarakimu kama hizo, kwa hiyo kuchagua tarakimu gani iwe ya kuanzia si jambo la mafundi peke yao.

Tumesikia ikisemwa mara nyingi kwamba kazi hii inawashinda watu wa vijijini. Hilo tunalikanusha kwa ushahidi. Kabla mambo haya hayajavuma, watafiti wa Sokoine, miongoni mwao Eliakimu Zahabu, walishirikiana na wenzao wa Uholanzi na nchi nyingine kuwafundisha wanavijiji kupima misitu yao wenyewe, hata Kitulangalo, kwenye miombo iliyo kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dar es Salaam. Watu wa elimu ya msingi walipima, kisha wataalamu wakapima palepale. Matokeo yalikaribiana sana, na gharama ya wanavijiji ilikuwa ndogo zaidi, hasa kwa kuwa wao hawalipwi safari wala malazi. Basi mtaalamu anayekuja na gari, akapima siku tatu akaondoka na makaratasi yote, ametuondolea ajira na ametuondolea ushahidi. Kamati ya maliasili ya kijiji yapasa ishiriki kila ploti na kubaki na nakala.

Tukiacha upimaji, tuingie katika uhasibu, ambako mtego ni mkubwa zaidi. Mnunuzi halipi kwa kaboni yote iliyo msituni. Analipa kwa ile iliyookolewa, na kujua iliyookolewa hakuna budi kukisia kile ambacho kingalitokea pasipo mradi. Makisio hayo huitwa kiwango cha rejea. Tutoe mfano wa kubuni. Kijiji kina msitu ambao kwa kweli hupoteza hekta 50 kila mwaka. Kampuni inaandika kwamba bila mradi zingalipotea hekta 200. Mradi unaanza, zinapotea hekta 30. Hekta zilizookolewa kweli ni 20, lakini zinazouzwa ni 170. Nani ameibiwa? Kijiji kimepata fedha, na mnunuzi amepata karatasi. Aliyeibiwa hayupo mezani. Ni mkulima wa mahali pengine anayekosa mvua, na mtoto ambaye hajazaliwa, kwa maana yule mnunuzi ameendelea kuchoma mafuta yake kwa amani, akionyesha karatasi ya hekta 150 zisizokuwako.

Jambo hili si la kufikirika. Mwezi wa Januari 2023 magazeti ya Uingereza na Ujerumani yalichapisha uchunguzi uliodai kwamba sehemu kubwa mno ya vyeti vya misitu vilivyoidhinishwa na shirika kubwa la vyeti la Marekani havikuwakilisha upungufu wowote wa kweli wa hewa ya ukaa. Shirika hilo lilipinga njia ya hesabu iliyotumika, na ubishi ukawa mrefu. Lakini wanunuzi wengi waliingiwa na hofu, na vijiji vilivyopima kwa uaminifu navyo vikaonja adhabu ya wale waliotia chumvi. Papa Fransisko alikuwa amekwisha kuonya katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 kwamba biashara ya vyeti hivi yaweza kuwa ulanguzi wa namna mpya, usiopunguza moshi wa dunia. Sisi hatusemi vijiji vikatae biashara hii. Tunasema visiingie humo vikiwa vimefumba macho.

Kiwango cha rejea kina dhuluma nyingine, nayo hutuuma zaidi. Kijiji kilichotunza msitu wake tangu enzi za mababu, kwa matambiko au kwa sheria ndogo, hakina hatari ya kuonyesha. Hesabu husema kingeupoteza kidogo, kwa hiyo hulipwa kidogo. Jirani yake aliyekuwa akifyeka kila mwaka anayo hekta nyingi za "kuokoa", naye hulipwa nyingi. Wenye taaluma wanalijua jambo hili na wamejaribu kulitafutia dawa, lakini kanuni nyingi bado zinampendelea mwana mpotevu kuliko yule kaka aliyebaki nyumbani.

Tena upo uvujaji. Kijiji kimefunga msitu wake, na wachoma mkaa wamehamia msitu wa kijiji cha pili. Hewa haikupona kitu. Mhasibu mwaminifu hupima na kwa jirani, kisha hupunguza. Upo pia muda. Mti uliolipiwa leo waweza kuungua kesho, na kwa hiyo sehemu ya tani haiuzwi, huwekwa kuwa akiba ya hasara. Mikataba mingi hudumu miaka 20, 30 au zaidi. Mwenyekiti anayeweka sahihi leo anawafunga vijana ambao bado wako shule ya msingi, na anafunga pia ardhi ambayo watahitaji kulima.

Je, fedha zimewahi kuwafikia watu? Zimewahi. Huko Gazi, pwani ya Kenya, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko katika mradi uitwao Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza vyeti mwaka 2013. Tani zao ni chache, kadiri ya 3,000 kwa mwaka, lakini wameleta maji na vitabu vya shule, na wanaoamua matumizi ni wenyewe katika mikutano yao. Kwetu, Wahadzabe wa bonde la Yaeda wamelipwa kwa kulinda pori wanalowinda na kurina asali, na wapo vijana wao wanaozungukia mipaka na kuandika wanachokiona. Katika wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, vijiji vinane vya msitu wa Ntakata vimejenga madarasa na zahanati kwa mapato ya namna hiyo. Haya ni mambo ya kweli na hatutaki mtu ayabeze.

Lakini mkumbuke na upande wa pili. Mwezi wa Aprili 2008 Norway ilikubaliana na serikali yetu kutoa hadi kroner milioni 500 kwa miaka mitano ili Tanzania ijiandae kwa malipo ya misitu. Kilosa na Lindi zilikuwa miongoni mwa sehemu za majaribio. Huko fedha za majaribio ziligawiwa hadharani, mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, mtu mmoja mmoja, na watoto nao wakahesabiwa, mama zao wakiwapokelea. Sisi twauona mgawo ule kuwa mfano wa uwazi ambao haujapata kupitwa. Ila mradi ulipokwisha, vijiji vingi vilibaki na msitu uliopimwa na mipaka iliyochorwa vizuri, lakini mnunuzi wa soko hakutokea kama ilivyotazamiwa. Baadhi ya vijiji vya Kilosa vilipata riziki baadaye katika mkaa uliovunwa kwa mpango, yaani katika biashara ileile ambayo walikuwa wameombwa waiache. Tuwe waangalifu tusimwahidi mtu shule kwa fedha ambayo iko bado Ulaya.

Kuhusu sheria tutasema machache, kwa kuwa wengine wenu mmekwisha kuhudhuria semina ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeiweka ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imekiruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi. Biashara ya kaboni imewekewa kanuni mwaka 2022, nazo zimekwisha kurekebishwa. Zinataka miradi isajiliwe, na kipo kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni hapo Sokoine. Kampuni isiyojulikana huko haina haki ya kuwakusanya watu chini ya mwembe. Na sahihi ya mwenyekiti peke yake, bila mkutano mkuu, bila muhtasari uliosomwa, tusiiite sahihi ya kijiji.

Kuna daftari moja ambalo halimo katika kanuni za mtu yeyote, nasi tunawasihi mlianzishe. Ni daftari la waliopungukiwa. Msitu ukifungwa, mama aliyekuwa akiokota kuni saa moja sasa anatembea saa tatu. Mfugaji amekosa malisho ya kiangazi. Mganga haruhusiwi kuingia kuchimba mizizi. Mkaa wenyewe hawautumii wao. Sehemu kubwa unapandishwa malori kwenda Dar es Salaam, na mlaji wa mjini hana msitu wa kulinda wala kamati ya kumhoji. Hasara za watu hawa zikiandikwa kwa majina na kwa saa, kama vile miti inavyoandikwa kwa majina na kwa sentimeta, mkutano mkuu utakuwa na kitu cha kupimia mgawo. Zisipoandikwa, fedha zitakwenda kwenye jengo lenye jina la mkubwa, na wale waliolipa gharama watapiga makofi siku ya ufunguzi.

Basi kabla kijiji hakijatia sahihi, wajumbe wetu waulize mambo yafuatayo, na majibu yaandikwe. Mkataba uko kwa Kiswahili, na nakala iko ofisi ya kijiji? Kiwango cha rejea kimetokana na miaka gani, na picha za mwezi gani? Nani atapima, mara ngapi, na nakala ya vipimo itabaki kwa nani? Tani zikipungua kwa moto, nani ataubeba mzigo? Bei ya tani ikipanda, kijiji kinapanda nayo, au kimefungwa kwenye bei ya leo? Kati ya fedha aliyolipa mnunuzi wa mwisho, kiasi gani kinafika kijijini, na risiti yake tutaionaje? Mkataba unavunjwaje? Kampuni iliyo njema haitaudhika kwa maswali haya. Nyingine huanza kutazama saa.

Kwa sasa tumeandaa kamba na tepe mbili, na nyuma ya ukumbi kuna miembe na mikenge. Tutagawanyika makundi manne, kila kundi liwe na mwandishi mmoja na mpimaji asiyekuwa kiongozi, lipime mti uleule, kisha tulinganishe tarakimu hapa mezani. Akina mama wa kigango cha mbali watatangulia, maana gari lao linaondoka saa tisa.